Shule Iliyoondolewa Kwenye Hesabu

6 Februari

Mpwa wangu, Daktari Mtarajiwa,

Huku wazima, isipokuwa goti la mama yako. Hospitali wamempa fimbo, naye ameifanya ya kufukuzia kuku wa jirani. Kutembea anatembea kwa kushika ukuta, na ukimwambia anasema dada mkubwa hafundishwi kutembea na mdogo wake. Mke wangu anakusalimu. Amepata kazi ya kushona sare za wauguzi hamsini na wawili, kwa hiyo nyumba nzima ni nyuzi za buluu. Juzi niliingia darasani na uzi kwenye ndevu, mtoto mmoja akataka kujua kama ndevu zangu zimeshonwa.

Najua simu ipo. Lakini kwenye simu wewe husema "sawa, sawa mjomba, mtandao," halafu kimya. Barua haina mtandao.

Sasa lililonileta. Mwaka jana ulikaa darasani kwangu asubuhi sita, kwenye kile kiti kidogo, magoti kifuani, na saa yako ya sekunde na fomu zako. Uliniambia mradi wa profesa wako utaleta sanduku: vitalu vya mbao, kadi za picha, vikaragosi, na mafunzo ya wiki mbili kwa mwalimu. Niliwaambia wazazi. Nikaondoa hata makopo kwenye rafu ya chini ili sanduku lipate pa kukaa. Rafu iko tupu mpaka leo. Wazazi wakija kuchukua watoto wanaitazama rafu, kisha wananitazama mimi.

Shule ya jirani, ile ya paa jekundu, sanduku lao lilifika Novemba. Mwalimu mkuu wao siku hizi ananisalimia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuja msibani.

Letu liko wapi? Nina watoto ishirini na saba wa miaka mitano. Mwaka ujao hawatakuwa na mitano.

Mjomba wako


2 Machi

Shikamoo mjomba,

Natumaini mnaendelea vizuri, na mama ameanza kuitumia fimbo kwa kazi yake. Mimi ni mzima. Tumehamishiwa ofisi ya ghorofa ya nne. Tuko watatu, meza mbili, na dirisha linalofunguka kwa kupigwa ngumi. Msalimie mama wa cherehani, mwambie koti alilonishonea ndilo linaloniokoa na ubaridi wa humu.

Kuhusu sanduku, nilipaswa kukueleza mapema. Shule zilizo kwenye utafiti ni kumi na mbili. Sita zinapata sanduku na mafunzo. Sita nyingine zinaendelea kama zamani. Mwezi Juni watoto wote wanapimwa, mmoja mmoja, ili tuone kama sanduku limeleta tofauti yoyote. Bila hizo sita za pili hatuwezi kujua chochote. Ndizo zinazoitwa kundi la kulinganisha, na mchango wao ni mkubwa sawa na wa wengine.

Shule yenu imeangukia huko. Karatasi zilikunjwa, zikatolewa mbele ya watu. Kura ni kura, mjomba.

Nakuomba ufundishe kama unavyofundisha siku zote. Tafadhali usiazime vifaa kwa jirani, utaharibu matokeo.

Ni mimi mpwa wako


15 Machi

Marahaba mpwa wangu,

Barua yako nimeipata. Mama yako bado anashika ukuta. Sare zimefika thelathini.

Kwa hiyo sisi ndio tunaosimamishwa kando ya mrefu ili urefu wake uonekane. Haya. Kama ni kura, sina ugomvi na kura. Niliwaita wazazi nikawaeleza. Baba mmoja, fundi bomba, akauliza, "Mwalimu, yaani mwanangu anaisaidia sayansi kwa kukosa?" Nikamwambia ndivyo. Akasema, "Basi wampe cheti." Walicheka, wakaondoka, na rafu nimerudishia makopo yangu.

Kuazima sitaazima. Ila kuna jambo la fomu zako linanisumbua. Ulikuwa ukiandika kila baada ya nusu dakika, nami nilikuwa nakuchungulia. Nikiuliza swali nikanyamaza, nawe ulikuwa unaandika. Uliandika nini? Maana pale nakuwa kazini. Mtoto wa miaka mitano ukimuuliza kwa nini kifuniko cha chupa kinaelea na msumari unazama, hana jibu mfukoni, analitafuta. Ukimsaidia mapema umemnyang'anya. Nahesabu moyoni mpaka kumi na tano, na kuna wanaohitaji thelathini. Mgeni akiona anadhani nimesahau somo.

Jambo la pili, kengele ikilia ulikuwa unafunga saa, unakusanya karatasi, unawahi gari. Kwangu kazi kubwa iko mlangoni baada ya kengele. Hakuna anayetoka bila kuniachia swali. Likiwa swali la kujibiwa kwa ndiyo au hapana, anarudi mwisho wa mstari. Jana mmoja aliuliza kwa nini kivuli hakina macho, nikampisha kwa heshima zote. Siku zote sita ulinipita hapo mlangoni na begi lako. Labda fomu ina mahali pa hayo. Niambie.

Mjomba wako, kundi la kulinganisha


20 Julai

Mpwa wangu,

Hii ni barua ya nne tangu yako ya Machi. Yangu ya Machi, ile ya Aprili na ile ya mwanzo wa Mei sikuona majibu yake. Mwisho wa Mei ulikuja kumwona mama yako, ukalala kwetu siku moja, ukazungumzia goti tangu ulipofika mpaka ulipoondoka. Nikadhani umechoka. Nikakuacha.

Nyumbani si wabaya. Mama yako atapasuliwa goti mwezi wa kumi. Sare zilikwisha, zikalipwa.

Wapimaji wenu walikuja tarehe tisa Juni, wakakaa siku tatu. Vijana wenye adabu. Walimchukua mtoto mmoja mmoja mpaka chumba cha walimu, wakarudi naye. Mimi sikuruhusiwa kupita hata kwenye baraza, nami sikupita.

Jumatatu iliyopita niliitwa na afisa elimu. Alikuwa na ripoti yenu mezani. Alinisomea sentensi moja, nami nikamwomba kalamu nikainakili: "Shule moja ya kundi la kulinganisha imeondolewa kwenye uchambuzi kutokana na shaka juu ya uhalali wa majibu ya watoto." Sikuuliza ni ipi. Pembeni mtu alikuwa ameandika jina la shule yetu kwa kalamu nyekundu.

Afisa akasema, "Watoto wako wameongoza, mwalimu. Wamewapita hata wenye sanduku."

Nikasema, "Nimefurahi."

Akasema, "Usifurahi. Niambie mtihani uliuonea wapi."

Nimesimamishwa kazi tangu siku hiyo. Darasa amepewa karani wa stoo ya ofisi, mtu mwema, ambaye anawaimbisha herufi kuanzia asubuhi mpaka saa sita. Kamati itakaa tarehe ishirini na mbili Septemba. Wakiona nimewafundisha watoto majibu, nafutwa kwenye orodha ya walimu baada ya miaka thelathini na mmoja, na sitaruhusiwa kufundisha tena popote.

Ninachohitaji ni kitu kimoja. Barua kutoka kwenu, yenye saini, inayosema mitihani ilikuwa kwenye mifuko iliyofungwa kwa lakiri mpaka asubuhi ya kupima, na kwamba mimi sikuiona. Uliniambia mwenyewe kuwa kazi ya kutunza mifuko hiyo ni yako. Basi nimekuja kwa mwenyewe.

Mjomba wako


11 Agosti

Shikamoo mjomba,

Pole sana. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikakaa hapo hapo. Namwombea mama upasuaji mwepesi, na wote nyumbani nawasalimu.

Naomba uelewe hali ilivyo. Uamuzi wa kuiondoa shule haukuwa wangu. Alama za watoto wako zilikuwa juu mno kwa kundi lile. Kwenye sehemu ya kueleza sababu, ile ambayo mtoto anaulizwa "kwa nini unadhani hivyo," shule nyingine zilipata wastani wa jibu moja au mawili kati ya manane. Watoto wako walipata sita. Profesa alisema shule moja haiwezi kuruka kiasi hicho bila msaada wa nje. Kisha akagundua kuwa mimi na wewe ni ndugu, akasema bora iondolewe kimya kimya kuliko mradi mzima kuonekana mchafu. Hatukujua kwamba ofisi ya elimu ingefuatilia.

Barua unayoitaka ni ngumu kuliko unavyodhani. Mimi ni mtafiti msaidizi tu, na mambo yote ya mradi hupita kwa profesa.

Na mjomba, usinielewe vibaya, lakini nalazimika kuuliza ili nikiulizwa niwe na jibu. Nilipokuja Mei, begi langu lenye ile mifuko liliachwa sebuleni wakati nimekwenda na mama hospitali. Uliligusa?

Mpwa wako


19 Agosti

Mpwa wangu,

Huku ni wazima. Mama yako ameambiwa apunguze chumvi, analalamika kuliko alivyolalamikia goti.

Sikuligusa. Lilikuwa kwenye kochi. Mke wangu alilisogeza ili apate pa kukaa, na mimi nilikuwa uani nikitengeneza bawaba ya mlango wa kuku. Nimemuuliza kama aliona karatasi yoyote. Aliacha kushona, akauliza, "Hilo swali ni lako au ni la yule mtoto?" Nikamwambia ni lako. Akarudi kwenye cherehani, na tangu hapo hajanitajia jina lako.

Sasa nami nina swali, nalo nina sababu ya kuliuliza.

Jumamosi mwalimu mkuu wa shule ya paa jekundu alikuja kunipa pole. Alikaa, akanywa chai, akazunguka zunguka, akasema shule yake imefurahia sanduku lakini hana amani nalo. Nikamuuliza amani imekwenda wapi. Ninayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana alipoondoka tu nilichukua daftari.

"Mwalimu, mimi nilikuwepo kwenye kura, wa shule yenu hakuja mtu. Karatasi yetu ilisomwa bila sanduku. Yenu ilisomwa sanduku. Nilirudi shuleni nimenuna, walimu wangu ni mashahidi. Siku ya pili yake nikapigiwa simu, nikaambiwa majina yalikosewa kuandikwa, sisi ndio tunaopata. Nikashukuru, nikafunga mdomo. Nani anarudisha sanduku?"

Nikamuuliza, "Aliyekupigia nani?"

Akasema, "Si ni huyu huyu binti wenu. Mimi nilidhani mmekubaliana."

Nimelala na jambo hili siku mbili. Nimejaribu kukutafutia maelezo mwenyewe, kama ninavyomtafutia mtoto aliyemwaga maji. Nimekosa. Mwezi wa tatu uliniandikia kwamba kura ni kura, nami nikasimama mbele ya wazazi ishirini na saba nikawaambia neno hilo hilo kwa kinywa changu.

Sikuulizi kama mwalimu. Nakuuliza kama kaka wa mama yako, niliyekaa nawe miaka minne ulipokuwa sekondari. Ulibadilisha?

Mjomba wako


12 Septemba

Shikamoo mjomba,

Nilibadilisha.

Nimeanza barua hii mara nyingi kwa salamu na kila mara imeishia kwenye salamu, kwa hiyo safari hii nimeanza na jibu.

Fomu zako za mwaka jana zilikuwa mbaya kuliko za shule zote. Katika kila vipande mia moja vya nusu dakika, arobaini na kimoja niliviandika "hakuna ufundishaji." Huo ndio ule ukimya wako. Fomu ina mahali pa mwalimu anayeeleza, anayeuliza, anayesifu, anayekemea. Ukinyamaza hakuna pa kukuweka ila hapo. Nami nilijaza nilivyofundishwa kujaza, nikajumlisha, nikaiamini jumla. Nikajiambia mjomba amezeeka, amechoka, akipewa sanduku litakaa kwenye rafu na litashusha wastani wa wenzake. Na nikajiambia, hili ndilo baya zaidi, kwamba darasa kama lako likiwa upande wa pili, tofauti itaonekana kubwa, na tasnifu yangu itasimama. Kwa hiyo kura ilipokutaja, nilisubiri watu waondoke, nikabadilisha majina mawili kwenye orodha.

Barua yako ya Machi niliielewa siku ile ile. Uliniuliza niliandika nini. Kukujibu kungenilazimu kurudia fomu zote za shule zote, kwa sababu kama nilikosea kwako nilikosea na kwingine. Niliiweka kwenye droo.

Mifuko ilikuwa mizima. Wapimaji waliikata lakiri asubuhi ile mbele ya mwalimu mkuu wako, wakatia saini kwenye daftari la lakiri. Daftari liko kwangu, kwenye droo ile ile.

Sasa naomba, mjomba. Natetea tasnifu tarehe tisa Oktoba. Nikiandika chochote kuhusu lakiri kabla ya hapo, watauliza kwa nini basi shule iliondolewa, na wakianza kuuliza watafika kwenye kura. Nitakuwa nimepoteza miaka mitano. Iombe kamati iahirishe mpaka Novemba; sema unaumwa, sema chochote. Nikishatetea nitaandika kila kitu, naapa. Ni wiki nne tu.

Barua hii ni yako peke yako. Sijamwandikia mtu mwingine yeyote ukweli huu, hata mama. Ukimwonyesha mtu, sidhani kama mimi na wewe tutaandikiana tena.

Mpwa wako


24 Septemba

Mpwa wangu,

Mama yako hajambo, tarehe ya upasuaji ni ile ile. Mke wangu ni mzima. Salamu za watu wengine sina.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tisa, siku tatu kabla ya kikao. Uliandika kwamba ni yangu peke yangu. Ikiwa ni yangu, matumizi yake nayaamua mimi. Nimeiwasilisha mbele ya kamati.

Nakueleza ilivyokuwa, ili usisikie kwa watu. Walikuwa watano, mwenyekiti ni mkaguzi mstaafu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Chumba ni kile cha mikutano chenye meza ndefu iliyobanduka pembeni. Aliisoma kwa sauti. Alipofika pale pa mjomba amezeeka, amechoka, alisita, akaniuliza kama aruke. Nikamwambia asome, ni ushahidi. Akasoma mpaka mwisho. Mwalimu mkuu wangu akaitwa, akathibitisha habari ya lakiri. Alikuwa tayari kufanya hivyo tangu Julai, lakini walimwambia neno lake peke yake halitoshi kwa kuwa anatoka shule ile ile.

Nimerudishwa kazini kuanzia Jumatatu. Karani amefurahi kuliko mimi. Nakala ya barua yako inapelekwa kwa profesa na chuoni. Huo ndio utaratibu wao, sikuuomba wala sikuupinga.

Nilifikiria kusubiri. Wiki nne si nyingi, na uongo wa kuumwa mtu hujifunza haraka. Lakini ungetetea hesabu ambazo wewe na mimi tunajua zimefanywaje, ungepewa shahada, halafu fomu hiyo ingepelekwa shule mia nyingine, na kila mwalimu anayemsubiri mtoto angeandikwa kuwa hafundishi. Na huku wangu wangekuwa wanaimba herufi.

Kuna kosa moja nalielewa na moja silielewi. Kuiamini fomu nalielewa. Nimejaza fomu maisha yangu yote na nyingine niliziamini. Hata kura, ukinipa muda, nitaielewa. Lakini tarehe kumi na moja Agosti ulikuwa na daftari la lakiri kwenye droo, limetiwa saini, unajua fika mifuko haikuguswa. Siku hiyo hiyo ukachukua kalamu ukaniuliza kama nilifungua begi lako. Hukuwa unauliza ili ujue. Ulikuwa unanitafutia hatia ya kubeba badala yako, tena ndani ya nyumba yangu.

Mama yako nimemwambia mwenyewe, jana, kabla hajaambiwa na wengine. Aliuliza kwa nini sikukulinda. Nilimjibu kwamba kwenye barua zako zote sijaona mahali uliponilinda mimi. Alinyanyuka, akatoka kwa kushika ukuta.

Mwisho, jambo moja ambalo unastahili kulijua. Kabla ya kuigonga muhuri, mwenyekiti alivua miwani akaniuliza, "Aliyeandika hii ni nani wako?" Nikasema ni binti wa dada yangu. Akasema, "Tunaweza kukusafisha kwa maneno ya mwalimu mkuu na daftari tutakaloliagiza, itachukua muda, lakini barua hii ukaondoka nayo. Ikiingia kwenye jalada haitoki tena, na huyu binti amekwisha. Iingie?"

Aliniuliza mara mbili. Zote mbili nilisema iingie.

Mjomba wako